Safu ya Nne

Fomu ina safu saba.
Ya nne inauliza: Matumizi ya sasa.
Mhandisi Wekhomba, mguu mmoja ndani ya gari,
ananiambia, "Hapo andika hakuna."

Mimi ni mshika mkanda, mia nane kwa siku.
Buti za kampuni zimenizidi namba mbili,
kila hatua tope la Yala linazivuta
kama mtoto anayemkataza babaye safari.

Haya, hakuna.
Hakuna amepita hapa alfajiri:
kwato ndefu zilizochanuka, kwato za nzohe,
na mkojo wake bado una povu.
Hakuna ana kifua chekundu, anapiga mluzi ndani ya mafunjo,
mwenzake anamjibu kabla hajamaliza.
Na hapa, kiangazi cha ule mwaka wa njaa,
shangazi Abuya alimchimba kamongo kwa jembe,
akamtoa kwenye tope kavu, mzima,
na hasira za mtu aliyekatizwa usingizi.
Mwanamke hali kamongo, ndivyo alivyotufunza.
Mwaka ule alikula.

Saa sita tunapigilia vigingi,
vya chuma, vyekundu, thelathini na viwili.
Utapandwa mpunga, wanasema, kazi zitakuja.
Sisemi kazi ni mbaya. Nina watoto wanne,
Ochola karo ilimrudisha nyumbani Jumatatu.
Nagonga. Kigingi kinazama kama mwiko kwenye uji.
"Kimeshika?"
"Kimeshika."

Asubuhi tunahesabu: tisa,
na hivyo tisa vimeinama kama walevi wa matangani.
Mhandisi anaapa ni wezi wa vyuma vikuukuu.
Nanyamaza. Nayajua maji haya:
yanaingia mekundu, yamebeba mashamba ya watu wa juu,
yanapenya mizizini polepole, hayaulizi saa,
yanafika ziwani unaona vidole vya miguu yako.
Nani alilipwa mia nane kwa kazi hiyo?

Jioni ananiachia fomu nimalizie,
yeye anatafuta mtandao juu ya kichuguu.
Safu ya nne ina upana wa kidole gumba.
Nimeandika: Tazama nyuma.
Nimegeuza karatasi,
nimeanza na mkeka niliozaliwa juu yake,
nani aliukata, nani aliusuka, uliuzwa ngapi wa pili yake,
na wino umeisha
sijamfikia hata ndege.