Mahali pa Kidole

Alikuja Njoro na dole gumba limeungua,
Elirehema wa maziwa, Haisi nyeupe, keni kumi na nne,
swichi imeyeyuka kwenye dashibodi
kama peremende iliyosahauliwa mfukoni.
"Fundi wa kwanza..." akaanza, akanyamaza.
Mimi ni fundi wa tatu,
na wa pili alikuwa shemeji yake.

Nikafungua. Mungu wangu.
Waya wa redio umebebeshwa taa nne,
umepita kwenye tundu la bati bila kuvalishwa mpira,
umechunika hadi shaba inacheka.
Fyuzi hakuna. Palipotakiwa fyuzi
pamekunjwa karatasi ya sigara, ile ya kung'aa.

Nikamwambia: swichi haibebi mzigo.
Swichi ni mtoto anayetumwa jikoni
kusema, "Baba anaita."
Harudi na sufuria la moto mikononi.
Mwenye mabega ni rilei, huyu hapa, kijisanduku,
yeye ndiye anashika mnene kutoka betri,
na fyuzi ikae kwanza, shibiri moja tu kutoka betri,
ili kama ni kuungua, kiungue kitu cha mia tano.
Waya mwembamba nimeuomba kwenye taa kubwa:
ukishusha kwa ajili ya anayekuja mbele,
spoti nazo zizimike, zisibaki zikimkodolea.
Taa bila adabu ni tusi.
Zile za njano, za ukungu, nimezipa njia yao.

"Swichi weka hapo, karibu na redio,
pazuri, paonekane."

Paonekane na nani?
Umbwe saa kumi alfajiri, Julai,
ukungu umekalia kahawa, umekalia barabara,
utatafuta redio kwa macho?
Kaa. Fumba. Mtu anavuka. Washa!

Mkono wa kulia ukaruka,
ukatua chini ya tundu la hewa, upande wa mlango.
Nikatia alama ya chaki.
Tena. Ukatua pale pale.
Tena.
Ndipo nikaona alichokificha tangu asubuhi
ndani ya mkono wa koti:
kidole cha shahada hakipo.
"Mashine ya majani ya ng'ombe," akasema,
macho bado ameyafumba.

Nikavirudisha kwenye boksi vile viswichi vya kijiti
alivyochagua mwenyewe Mbuyuni, vya kung'aa, vyembamba,
nikamtuma Kiwia akalete vipana,
vya kubonyezwa kwa kiganja, hata kwa ngumi.
Cha juu spoti. Cha chini ukungu,
na cha chini nikakidondoshea gundi, tone moja,
likauke liwe kipele,
ngozi ijue bila kuuliza jicho.

Kutoboa dashibodi ya mtu si mchezo,
drili haijui kuomba radhi.
Nilipima mara nne kwa matundu mawili.
Nyuma ya plastiki kulikuwa na kibiriti,
vumbi la masika mengi,
na kibanio cha nywele cha mtoto, chekundu.
Akakichukua, akakitia mfuko wa shati.
Hakusema neno. Nami nilikuwa na tepu mdomoni.

Giza lilipoingia tukaligeuza gari
litazame ukuta wa mashine ya kusaga.
Akafumba macho, ingawa sikumwambia.
Tik.
Ukuta ukatusogelea na nyufa zake zote.

Wiki ya pili, saa kumi na robo, simu yangu ikalia.
Nikapokea. Mtu hasemi.
Injini inaguna mlimani, keni zinagongana,
halafu, karibu kabisa na sikio:
tik.
Akakata.

Elfu kumi iliyobaki bado sijamkumbusha.