Kura ya Maharagwe

Akidi ni mia na hamsini. Tuko mia na arobaini na tisa.
Saa moja na nusu imepita, na theluji ya Machi
inashuka juu ya Ziwa Superior taratibu,
kama kibarua anayelipwa kwa siku.

Tumebanana kwenye viti vya kukunja
kati ya mapipa ya shayiri na friji ya jibini.
Lowell Bratvold, mwenyekiti anayemaliza muda,
hatazami tena karatasi zake, anatazama mlango.
"Huyu wa tumboni hahesabiwi?" anauliza Marguerite,
mimba ya miezi minane, mkono juu ya hoja yake.
Tunacheka. Katiba ya duka inafunguliwa.
Hahesabiwi.

Ndipo kengele ya mlango inalia
na mzee Eino Kiiskinen anaingia,
mwanachama namba kumi na saba, aliyesusa
tangu mwaka ule tulipopitisha kuuza nyama.
"Nimefuata hamira tu."
Lowell anampa hamira. Anampa na karatasi ya kura.

Viti vitatu barazani, wagombea watano,
dakika mbili kila mmoja, kwa saa ya kuchemshia mayai.
Wa kwanza anaahidi zeituni.
Wa pili anaahidi zeituni za bei nafuu.
Wa tatu anasahau alichokuja kuahidi.
Glenys Amundrud haahidi kitu, anasoma tarakimu za paa:
linavuja wapi, ndoo ngapi kwa juma, deni la benki limebaki kiasi gani.
Pa Houa Thao anasimama na buti zenye udongo wa kitaluni.
"Miaka tisa nawaletea mboga kwa mlango wa nyuma.
Naijua bei mnayonilipa. Naijua na bei mnayouzia.
Nataka kukaa pale zinapokutana."
Anaketi. Saa ya mayai
inaendelea kuhesabu kimya chetu.

Sanduku letu ni ndoo ya asali.
Niliiosha mimi, na niliiosha vibaya.
Saa tatu usiku, kwenye chumba cha stoo,
mimi na Lowell twahesabu kwa sauti ndogo, vidole vinanata.
Viti viwili vimejaa mapema
(zeituni za bei nafuu zimepita).
Cha tatu: Glenys sabini na moja, Pa Houa sabini.
Lakini karatasi ni mia na arobaini na tisa.
"Eino hakupiga?"
"Alipiga. Nilimwona akilamba kidole."
Tunapekua upya, moja moja, mpaka ile iliyo nene,
kura mbili zilizolaliana. Nashika kisu cha siagi,
nazitenganisha pole pole
kama anayejitoa ubavuni mwa mtoto aliyelala.
Sabini na moja kwa sabini na moja.

Neno kura ni kongwe kuliko sanduku lolote.
Kabla ya karatasi lilikuwa kijiti, lilikuwa kokoto,
kitu cha kutikiswa kiganjani
pale watu walipokwisha kusema yote
na bado wamegawanyika sawa.
Usiku huu limerudi kwao.
Kifungu cha ishirini na mbili, kwa mwandiko wa mtu aliyekwisha kufa:
haragwe jeupe, haragwe jeusi.
Twayachota pipa namba kumi na nne,
twayatia katika kofia ya sufu ya Eino,
naye anaitoa kwa shingo upande, kipara kinaona baridi.

Jeusi ndilo litakalokwenda barazani. Glenys anatia mkono.
Hapapasi. Anatoa jeupe.
Anamshika Pa Houa kiwiko, anamnong'oneza habari za paa:
juu ya friji ya maziwa, pembe ya kushoto.
Kisha anatembea mpaka pipa namba kumi na nne
na kulirudisha haragwe,
kwa kuwa si lake.

Viti vinakunjwa. Eino yuko kaunta,
kofia imerudi kichwani, anahesabu senti za hamira.
"Sikumpigia yeyote kati ya wale wawili," ananiambia.
Kengele. Theluji. Mlango.
Nikiwa nafagia ndipo nakumbuka
kwamba lile jeusi hatukulitoa kofiani.