Robo ya Tatu

Mimi ndiye mwandika pointi.
Daftari la mistari, kalamu mbili, nyekundu ya faulo.
Kwa hiyo waliponiuliza jana, stoo ya karakana ya reli,
milioni moja na laki mbili zikiwa mezani
ndani ya kopo la asali lililooshwa lakini bado linanata,
nikasema: ngojeni nifungue kurasa.

Kocha Luhende anataka mtu mmoja.
Yuko Nzega, futi sita na nusu na ushee,
Kocha anaapa kwamba akiruka, kikapu kinainama.
"Tumpate huyu, Shinyanga watatupa shikamoo."
Sibishi. Watano wetu wa kwanza wana pengo katikati
kama kinywa cha mtoto wa darasa la pili.

Lakini tazameni robo ya tatu.
Na Shinyanga: tunaongoza kwa kumi na moja.
Kapela faulo ya nne, anaketi.
Mihayo kabanwa na msuli, anaketi.
Wanainuka Shija na yule kijana wa Cheyo,
raba za kuazima, zimempita namba mbili,
mbele kashindilia gazeti.
Dakika sita. Upande wetu sikuandika kitu.
Wino ulitaka kukauka.

Na Kahama: vivyo hivyo.
Na Singida: afadhali nisisome.

Mnajua Shija anafanya nini mazoezini?
Anaokota mipira. Umeme ukikatika anashika tochi ya simu.
Miezi minane hajaitwa jina,
ila "wewe, maji."
Halafu siku ya moto mnamtaka azime.

Mama Nyanzobe, mweka hazina, mwenye asali yake, akacheka.
"Sijawahi kujaza debe kwa mzinga mmoja,
hata uwe mnene vipi."
Tukadhani kamaliza.
"Ila mizinga kumi mitupu nayo
ni magogo kumi tu juu ya mti."

Kimya. Garimoshi la mizigo likapita, kopo likatetemeka.

Sasa niseme ambalo sikulisema mle ndani.
Benchi lile nimelikalia misimu mitatu.
Najua msumari wake ulipo, upande wa kushoto.
Nilianza kuhesabu pointi za wenzangu
kwa sababu mikono ilikosa kazi,
nami hesabu ikanikubali kuliko mpira.
Kwa hiyo msiniamini sana.
Daftari halidanganyi, lakini anayechagua ukurasa wa kusoma
ana makalio yanayokumbuka.

Wakapiga kura. Watatu kwa watatu.
Wakanigeukia.

Nikaomba nitoke nipate hewa.
Kiwanjani, taa moja, mbu,
Shija peke yake anatupia kwa mkono wa kushoto,
mkono ambao mwezi jana hakuwa nao.
Umeingia. Umeingia. Umegonga chuma. Umeingia.
Nikapapasa kalamu mfukoni.
Hakuna safu ya jambo hili katika daftari langu.
Nikapiga mstari, nikaanza kuandika,
na ndani walikuwa wananiita.