Picha Kumi na Mbili

Zulekha alinikabidhi kamera imefungwa kwenye leso,
kama anayekupokeza mtoto aliyelala.
"Ya marehemu baba. Ina macho mawili:
la juu la kutazamia, la chini la kukumbukia.
Usije ukayachanganya."
Nikacheka. Miaka kumi napiga picha za pasipoti pale Ngara,
ukuta mweupe, kidevu juu, usitabasamu mama,
kompyuta inafuta chunusi kabla mteja hajafunga mkoba.
Nani wa kunifundisha mimi kutazama?

Filamu haijui cheo.
Roli moja elfu mbili, picha kumi na mbili, basi.
Piga hesabu: kila kubonyeza ni chapati na ndengu, na chai juu.
Nilijibanza kivulini chini ya ngazi za jengo
kuivalisha kamera. Karatasi ikanikimbia vidoleni,
ulimi wake ukakataa ufa,
nikaurudisha, ukakataa,
mlinzi akaniuliza kama nafungua bomu.
Hatimaye mshale ukasimama kwenye kitone chekundu.
Nikafunga mgongo, nikazungusha mpini:
moja.

Hii haiinuliwi usoni. Unaivaa tumboni,
unainamisha kichwa kama mwenye kuomba
au mwenye deni,
na humo ndani ya kisima chenye pembe nne
barabara ya Tom Mboya nzima imetulia, ndogo, inang'aa,
ila kulia kumekuwa kushoto.
Muuza soksi anakuja huku, anatokea kule.
Nikimfuata ananitoroka.
Mabango yanasomeka kinyumenyume, na mkono wangu wa kulia,
niliokula nao tangu utotoni,
ukawa mgeni wangu.

Jua la Januari: tundu kumi na sita.
Wingu likipita: nane.
Kivuli cha ghorofa: nne, na dua.
Nikapiga kinyozi mlangoni, nikapiga korongo juu ya taa za barabarani,
nikapiga kijana amebeba kioo cha kabati
chenye mawingu ndani yake.
Kufika saa tisa zilikuwa kumi na moja.

Ndipo buti zikasimama mbele ya viatu vyangu.
Kyengo, askari wa jiji. "Kibali?"
Sina kibali. Nina nini? Nikamwambia,
"Inama, afande, uone."
Akatazama huku na huku. Akavua kofia. Akainama.
Mama wa ndizi alikwisha anza kufunga mzigo,
anazijua buti zile kwa mlio,
lakini kumbe tayari alikuwa mle ndani, yeye na ndizi zake,
njano tupu, upande usio wake.
Kyengo alikaa humo muda mrefu.
"Mbona anang'aa hivi?"
Sikuwa na jibu. Akavaa kofia, akasimama wima.
"Basi nipige na mimi."
Kumi na mbili.

Usiku, sinki la Zulekha. Dawa, dakika tisa,
pindua, gonga, pindua.
Akaivuta filamu, akaiinua kwenye balbu:
maji matupu.
Si kinyozi, si korongo, si Kyengo.
Giza likisafishwa, nilijifunza, hutoka kama kioo.
Tukaiangalia kamera mezani.
Jicho la juu wazi. La chini
lingali na kifuniko chake, tangu asubuhi.
Zulekha akaketi sakafuni kwa kicheko.
"Baba naye! Harusi nzima ya Pangani, sabini na moja.
Bibi harusi alimsaka miaka mitatu."

Siku hizi nikipita Tom Mboya Kyengo ananiita kutoka mbali,
"Picha yangu?"
"Bado inaiva, afande."
Mama wa ndizi hucheka, hafungi mzigo mapema kama zamani,
au labda ni mimi nataka iwe hivyo.
Roli ya pili iko ndani, nimefikia tatu.
Kile kifuniko nimekifunga kwa uzi kwenye kifungo cha shati.
Nikikiona kinaning'inia,
nabonyeza.