Moshi Si Doa

Jambo la kwanza ninalowafundisha ni mate.
Naam, mate. Zungushia kijiti pamba,
kiweke ulimini, kisha kiviringishe juu ya rangi
bila kusugua, kama unayepapasa kope za mtoto aliyelala.
Masizi ya miaka mia hutoka.
Kabatini tuna chupa za bei ya gari, na mate bado yanazishinda.
Walicheka wote: Signý, Wendell,
yule kijana mrefu wa daktari wa meno.
Miaka thelathini na mmoja, kicheko kile kile,
na sikujiuliza kwa nini kinafanana.

Mafunzo yalikuwa miezi kumi na minane, bila ujira.
Winnipeg, Januari, baridi ya kung'oa kucha,
na mwenye nyumba hangoji mtu ahitimu.
Aliyeweza kuja alikuja. Mimi nikasema: hawa wana mkono.
Mkono! Walichokuwa nacho ni baba.
Nilijua. Tena nilijua mapema.
Nilikuwa na kazi nyingi, na kujua hungoja.

Halafu ikaja barua ya Leontine Desjarlais,
ukurasa mzima juu ya gundi ya kibofu cha samaki,
na mwishoni swali: Mtanilipa kiasi gani?
Kamati ikaguna. Hana adabu, alisema mmoja.
Mkono mtupu haulambwi, nikamjibu,
nikapanda ghorofa ya tatu kuomba fungu.
Nikashuka bure. Nikapanda tena.
Mara ya nne wakanipa, ili nisirudi.

Sitasema alikuwa mwanafunzi mwepesi.
Alichelewa. Alipika gundi nzito kama lami.
Alinisahihisha mbele ya wageni.

Mwezi wa tano tulifungua sanduku la viatu,
ngozi ya mbawala, maua ya shanga kidoleni.
Kadi, kwa mwandiko wangu wa ujana:
Jozi moja. Madoa ya kahawia. Harufu.
Mtengenezaji: hajulikani.
Nilikwisha kuwasha feni ya kufyonza.
Akaizima.
Akainamisha uso karibu mno, kinyume cha kila kanuni yangu,
akavuta pumzi, akakaa nayo.
"Msonobari uliooza," alisema. "Moto usiowaka, wa kufuka tu.
Moshi ndio unaofanya ngozi isikakamae ikilowa.
Ukiutoa, umetoa kazi ya mtu."
Kisha akasoma kadi, polepole:
"Hajulikani na nani?"

Jumamosi alikuja shangazi yake, Philomène, na kioo cha kukuza.
Hakugusa kitu. Alifuata vikonyo vya maua,
vile vyenye miiba ya shanga mbili mbili,
midomo ikihesabu bila sauti.
"Hawa ni kina Marchand, ng'ambo ya ziwa.
Labda Adèle. Labda dada yake. Nitauliza."
Labda.
Miaka thelathini sikuwa hata na labda.

Nilitaka anishukuru. Niliandike na hilo,
kwa kuwa ripoti zetu huacha mambo kama hayo.
Nilimfungulia mlango, kisha nikasimama pale pale mlangoni
nikingoja asante,
nikimzibia njia.

Vuli hii ninakabidhi funguo.
Ameingia Rodelio Macaraeg,
ambaye mama yake alishona makoti kiwandani hadi vidole vikapinda;
anaijua sindano kabla hajaishika,
na mshahara wake ulianza siku ya kwanza.
Nilijibanza koridoni nisikie Leontine ataanzaje.
Nilingoja mate yangu. Nilikwisha kutabasamu.

"Nusa kwanza," alimwambia. "Usiguse. Nusa,
kisha niambie inakukumbusha nyumba ya nani."

Kimya kirefu. Feni imezimwa.
Nami nje, kijiti cha pamba bado mdomoni,
nikajikuta nanusa.