Lindo la Keko

Miaka kumi na minne nalinda ghala la unga, Keko.
Jua likizama naamka, likichomoza nalala,
dirisha nimelipiga mbao.
Saa nane usiku kifua changu hupiga mluzi
kabla ya kipenga changu.

Dokta Nzigilwa alinichorea nyuma ya cheti:
duara, duara, duara.
"Chembe nyeupe hizi. Walinzi, kama wewe.
Vumbi la unga likipita, wao wanaona mwizi."
Nikacheka, nikakohoa.
Mlinzi wa namna hiyo namjua.
Namjua vizuri.

Mwaka ule tulimkuta kijana ukutani.
Kipenga kimoja, wakaja wa maghala yote,
rungu, mkanda, tofali.
Alikuwa anafuata kuku wa mama yake.
Asubuhi nilifagia jino.

"Dawa hii," akatikisa pampu ya rangi ya udongo,
"ni amri. Inaingia ndani ya chembe mpaka kwenye kiini,
inasema: shusheni rungu, msiite wenzenu."
Nikavuta asubuhi, nikavuta jioni,
nikasukutua mdomo kama nilivyoagizwa.
Miezi mitatu. Mluzi ukapungua,
haukuisha.

"Wako wasiosikia," alisema, macho kwenye majibu ya damu.
Nikamtangulia: "Redio zao hazina chaji."
Akaniangalia kidogo.
"Haya, chaji. Ngozi ikiota jua hutengeneza vitamini D,
na chembe iliyoipata husikia amri upesi,
nyingine hugeuka kabisa, zikawa wasuluhishi.
Si kwa kila mtu. Wewe unayo kidogo mno, tujaribu.
Pampu usiiache."

Dar es Salaam! Jua linalopasua ndoo za plastiki,
linalokausha dagaa hujamaliza kuwaanika,
na mimi sina.
Mke wangu anaitwa Sikujua, msinicheke,
yeye ndiye aliyeng'oa zile mbao.

Sasa saa nne asubuhi nakaa uani kifua wazi
kama nguo iliyosahauliwa kambani.
Watoto wa jirani wananihesabu mbavu.
Ndani, sijui, labda mmoja kashusha rungu,
labda anamnong'oneza mwenzake.

Na usiku nikisikia hatua ukutani
mkono unaenda mfukoni wenyewe,
unakuta vitu viwili, kipenga na pampu.
Nauliza kwanza:
nani wewe, na unatafuta nini?