Maiki Tatu, Tukuyu

Nilikuja nazo tatu, nimezifunga kwenye kanga ya mama
ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko,
maana njia ya Katumba ilikuwa tope tupu
na maiki haipendi maji, hata kama mwenyewe
nimezaliwa Rungwe, ambako mvua haipigi hodi.

Ukumbi wa ushirika. Mabati. Viti vya plastiki.
Mzee Anyambilile akafungua kijisanduku,
akaunganisha klarineti kipande kwa kipande
kama anayefunga vifungo vya shati la Jumapili.
Utete alikwisha kuutia mdomoni, ulowane,
kwa hiyo alinisalimia kwa nyusi.

Ya kwanza, ile ndogo ya kubana.
Niliibana chini kabisa, pale palipotanuka,
kwa akili zangu za matarumbeta ya kanisani:
shaba husemea mdomoni.
Akapuliza. Noti nzito ikaja kama lori likishuka Kiwira,
spika zikatetemeka. Akapanda ngazi
na sauti ikatoroka, ikawa chumba cha pili.
Nikaongeza. Ikarudi na yowe.

"Tupokigwe, mwanangu,
unalinda mlango wa mbele
na wageni wanatokea madirishani."
Akanionyesha. Kidole kinapoinuka,
hapo ndipo sauti inapopita.
Mdomo wa chini una noti zake mbili tatu, basi.

Ya pili ilikuwa ya kuazima, nyembamba kama penseli;
mwenye nayo yuko Mbeya mjini, anahesabu siku.
Niliisimamisha mbele ya vidole, shibiri mbili,
nayo ikasikia kila kitu:
utete, pumzi ikivutwa, vyuma vikigonga, tak, tak,
kile kimoja alichokifunga kwa mpira wa baiskeli,
gitaa la Lusekelo, kicheko cha wamenya ndizi nyuma ya ukuta.
Ilikuwa tamu. Nilitaka niiache hapo hapo.
Ndipo mvua ikashuka juu ya mabati
na maiki ile aminifu ikaichagua mvua.

Ikabaki ya tatu. Nzito, wavu umebonyea,
imeangushwa kwenye harusi za wilaya nzima.
Imezoea wahubiri; haina habari na jirani.
Niliiinamisha juu ya vidole vya katikati, kiganja kimoja,
nikapunguza besi, nikamwomba asiyumbe.
"Sijawahi kupuliza bila kuyumba."
Nikachukua chaki, nikamchorea sakafuni
duara la kuyumbia.

Usiku baridi iliivuta klarineti chini ya gitaa.
Aliificha ndani ya koti kama kifaranga,
akaitoa ikiwa na joto lake, akaingia duarani.
Watu waliokuja kwa ajili ya ngoma
waliacha kuburuta viti.

Ile nyembamba sikuichomoa.
Ukumbini niliizima kabisa; nikaiacha
kwenye hedifoni, masikioni mwangu tu:
mvua, tak, tak,
na kabla ya kila noti, mzee akivuta pumzi.